Neno Lisikatwe: Uhakiki wa Fonti ya Andika na Mpangilio wa Mistari katika Hadithi za Kiswahili za Watoto Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inahakiki fonti ya Andika, iliyobuniwa na shirika la SIL kwa ajili ya wasomaji wanaoanza, kwa kuitazama inavyoihudumia matini ya Kiswahili kwenye skrini ya simu. Inaonesha kwamba Andika inatatua kwa ufanisi tatizo la kutambua herufi, na kwamba katika Kiswahili ufanisi huo una manufaa ambayo hayajapewa uzito unaostahili. Hata hivyo, makala inadai kuwa kinachomvunja moyo msomaji mdogo wa Kiswahili mtandaoni si umbo la herufi pekee. Kikwazo kikubwa zaidi ni neno refu linalokatwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba uteuzi wa fonti usitenganishwe na kanuni za kupanga mistari zinazotokana na silabi na viambishi vya Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Jioni moja mtafiti alikuwa akimsikiliza mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa darasa la pili, akisoma hadithi kwenye simu. Mtoto huyo husoma vizuri kitabu cha karatasi. Siku hiyo pia alianza vizuri, akifuata maneno kwa kidole, mpaka alipofika kwenye neno *walipowasikiliza*. Neno hilo halikuwa limetoshea mwishoni mwa mstari, nayo tovuti ilikuwa imelikata bila kistari: *walipowasi* juu, *kiliza* chini. Mtoto akasoma “walipowasi”, akanyamaza, akasoma “kiliza”, kisha akauliza, “Mjomba, kiliza ni nini?” Alipoelezwa, aliitikia kwa adabu, akaruka kurasa mbili na kwenda kutazama picha.

Tukio hilo ni dogo na halidaiwi kuwa ushahidi wa kitakwimu. Lakini linaibua swali ambalo uhakiki wa fasihi ya watoto mtandaoni haupaswi kulikwepa. Tunapohakiki hadithi ya watoto, kwa kawaida tunachunguza dhamira, wahusika, lugha na picha. Mpangilio wa matini tunauachia fundi. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, mpangilio huo ndio mlango wa hadithi, na mlango ukikwama dhamira haifikiwi. Mtoto yule hakuchoshwa na hadithi, wala hakushindwa na Kiswahili. Alikutana na neno ambalo halimo katika lugha yake, lililotungwa na skrini.

Andika imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa fonti chache zinazopatikana bure kwa leseni huria ambazo ziliundwa mahususi kwa ajili ya kujifunzia kusoma, hivyo mwandaaji wa hadithi asiye na fedha anaweza kuitumia, kuisambaza na hata kuirekebisha bila kuvunja sheria. Pili, jina lake ni kitenzi cha Kiswahili. Ni haki basi kuuliza kama fonti yenye jina la Kiswahili inatosha kukihudumia Kiswahili.

2.0 Mitazamo Kuhusu Herufi za Watoto

Mjadala kuhusu herufi zinazomfaa mtoto unaweza kugawanywa katika mitazamo mitatu.

Mtazamo wa kwanza unaiona herufi kama kivutio. Herufi huchezeshwa, hupakwa rangi na kupewa mikunjo ili zimchekeshe mtoto. Comic Sans, iliyochorwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, imekuwa ikitumiwa sana mashuleni kwa kuwa inaonekana ya kirafiki na inafanana na mwandiko wa mkono.

Mtazamo wa pili unatokana na mhadhara wa Beatrice Warde wa mwaka 1930, uliolinganisha uchapaji bora na bilauri ya kioo safi: anayekunywa humwona mvinyo aliyemiminiwa, haioni bilauri. Kwa mtazamo huu, uchapaji mzuri haujionyeshi.

Mtazamo wa tatu ni wa kisayansi, nao unamweka mtoto mwenyewe mbele ya matini na kupima kinachotokea. Walker na Reynolds (2003) walichunguza watoto wa miaka sita nchini Uingereza na hawakupata tofauti kubwa ya usomaji kati ya herufi zenye vikia na zisizo navyo, wala kati ya herufi za kawaida na zile zilizorahisishwa kwa ajili ya watoto. Wilkins na wenzake (2009) walionesha kwamba ukubwa wa herufi katika vitabu hupunguzwa mapema mno mtoto anapopanda darasa, na kwamba herufi kubwa zaidi huwasaidia. Zorzi na wenzake (2012), waliofanya kazi na watoto wa Kiitaliano na Kifaransa wenye ugumu wa kusoma, walipata kuwa kuongeza nafasi kati ya herufi kuliwasaidia watoto hao kusoma kwa kasi na usahihi zaidi.

Matokeo haya yana thamani, na sehemu ya Kiitaliano inatuhusu kwa karibu kwa kuwa Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa kwa namna inayokaribiana sana na kinavyotamkwa. Pamoja na hayo, hakuna lugha kati ya hizo tatu inayojenga kitenzi kama Kiswahili, ambamo nafsi, wakati, urejeshi, mtendwa na shina hukaa ndani ya neno moja. Matokeo kuhusu herufi yanaweza kuvuka mpaka wa lugha kwa urahisi kiasi. Matokeo kuhusu mstari hayavuki kwa urahisi huo, kwa sababu mstari hujengwa kwa maneno, na maneno yetu yana umbo lake.

3.0 Ubora wa Andika kwa Kiswahili

Lengo la waliobuni Andika lilikuwa kuzuia herufi zinazofanana zisichanganywe. Katika fonti nyingi zisizo na vikia, kama vile Arial, herufi kubwa ya I na herufi ndogo ya l ni vijiti viwili visivyotofautishika. Katika Andika, I ina vipande vya kulala juu na chini, l ina mkunjo chini, na tarakimu 1 ina umbo lake.

Katika lugha nyingine jambo hili linaweza kuonekana dogo. Katika Kiswahili si dogo. Ngeli ya I-ZI huanza kitenzi kwa kiambishi *i-*, nao wakati uliopita hufuata kwa *-li-*. Matokeo yake ni kwamba sentensi nyingi za masimulizi huanza kwa I na l zikiwa zimekaa bega kwa bega: *Ilikuwa*, *Ilipofika*, *Ilianguka*, *Ilibidi*. Mwandishi akisimulia kuhusu ngoma, anaweza hata kuandika *Ililia*, neno ambalo katika Arial ni safu ya vijiti inayomalizikia kwa a. Mtoto anayejifunza kusoma kwa silabi anahitaji kujua papo hapo kwamba kijiti cha kwanza ni irabu na cha pili ni konsonanti. Andika inampa ujuzi huo bila kumchelewesha. Hapa ndipo fonti hii inapostahili sifa zaidi.

Ubora wa pili unahusu ritifaa. *Ng'oa* ni kung'oa mti au jino. *Ngoa* ni tamaa au wivu. Tofauti ya maneno hayo katika maandishi inabebwa na alama moja ndogo. Katika fonti zenye ritifaa nyembamba iliyobanwa kati ya g na o, alama hiyo hupotea kwenye skrini ndogo. Andika inaipa kila alama nafasi ya kuonekana, ingawa fonti pekee haitoshi: mwandaaji naye anapaswa kuhakikisha kwamba programu yake haikugeuza ritifaa kuwa alama ya kufungulia nukuu, kosa linaloonekana mara nyingi neno linapoanza na ritifaa iliyonakiliwa kutoka kwenye faili jingine.

Kipengele cha tatu kinahitaji tahadhari. Andika hutumia herufi a ya duara lenye mguu mmoja, kama inavyoandikwa kwa mkono, badala ya a yenye paa juu inayopatikana katika vitabu vingi. Hoja ya kuitetea ni kwamba mtoto asome herufi ileile anayofundishwa kuandika. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini a ya namna hiyo hukaribiana na o, na katika Kiswahili irabu hizo mbili hubeba kazi ya kisarufi: *ya* na *yo*, *cha* na *cho*, *za* na *zo*, *kama* na *koma*. Walker na Reynolds hawakupata madhara ya herufi hizo kwa wasomaji wa Kiingereza, lakini Kiingereza hakitenganishi uhusiano wa kumiliki na urejeshi kwa irabu ya mwisho ya silabi moja. Rai ya makala hii ni kwamba a ya mguu mmoja itumike katika darasa la kwanza na la pili, wakati kusoma na kuandika vinafundishwa pamoja, na kwamba mwandaaji wa hadithi za madarasa ya juu asiichukulie kuwa lazima.

4.0 Mipaka ya Andika: Neno na Mstari

Tukiacha herufi na kulitazama neno, hali inabadilika. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ambayo kivinjari huihesabu kuwa na upana wa pikseli 360. Tukiacha ukingo wa pikseli 16 kila upande, matini inabakiwa na 328. Kwa makadirio kwamba herufi moja, kwa wastani, huchukua nusu ya kipimo cha fonti, fonti ya pikseli 16 itaweka takriban herufi 41 kwa mstari. Fonti ya 20 itaweka takriban 33, na fonti ya 24, ambayo inamfaa zaidi mtoto, takriban 27. Hesabu hii inajumuisha nafasi za kati ya maneno.

Tuchukue sentensi ya kawaida ya masimulizi: *Walipowasikiliza wazee, vijana walifahamu kilichowapata.* Ina maneno matano tu. Neno la kwanza lina herufi 16 na la mwisho lina 13. Kwa mstari wa herufi 33, sentensi itapangwa hivi:

Walipowasikiliza wazee, vijana
walifahamu kilichowapata.

Kwa mstari wa herufi 27 itakuwa hivi:

Walipowasikiliza wazee,
vijana walifahamu
kilichowapata.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mpangilio wa pili ndio bora zaidi kwa msomaji mdogo, ijapokuwa mistari yake ni mifupi. Kishazi tegemezi kimesimama peke yake, kiima hakikutenganishwa na kitenzi chake, na kirejeshi kimepata mstari wake. Katika mpangilio wa kwanza, *vijana* wameachwa ukingoni, mbali na jambo walilolifanya. Hivyo basi, si kweli kwamba mstari mfupi ni adui wa Kiswahili. Mstari mfupi unaoheshimu neno unaweza hata kumfundisha mtoto mahali pa kupumua.

Pili, ubora huo hupotea mara moja mwandaaji anapoamua kunyoosha kingo zote mbili ili ukurasa ufanane na kitabu. Katika mstari wa *vijana walifahamu* kuna herufi 17, ikiwemo nafasi moja, ilhali mstari una uwezo wa herufi 27. Kwa kuwa nafasi ni moja tu, herufi 10 zilizopungua zote huhamia hapo, na kati ya maneno hayo mawili linatokea pengo la upana wa herufi 11. Jicho la mtu mzima hulivuka kwa kero. Jicho la mtoto huweza kutumbukia humo na kuangukia mstari wa chini. Andika haina uwezo wa kuzuia jambo hili, kwa kuwa haliko ndani ya herufi.

Njia ya kukwepa pengo hilo ambayo baadhi ya wasanifu huichagua ni mbaya zaidi: kukiagiza kivinjari kilikate neno popote ukingo unapofika. Hiyo ndiyo iliyozaa *kiliza*. Msanifu aliyezoea lugha ya maneno mafupi hukutana na tatizo hilo mara chache, kwa anwani ndefu za tovuti tu, na kwake ni kinga isiyo na madhara. Katika Kiswahili kinga hiyo huumiza sentensi za kawaida.

Ikumbukwe pia kwamba miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1 ya mwaka 2018, inataka ukurasa uweze kustahimili msomaji anapoongeza nafasi kati ya herufi hadi asilimia 12 ya ukubwa wa fonti bila kupoteza maudhui. Kwa fonti ya 20 katika mfano wetu, nyongeza hiyo hushusha mstari kutoka herufi 33 hadi takriban 26. Nafasi iliyowasaidia watoto wa Zorzi na wenzake ni msaada wa kweli. Lakini katika Kiswahili msaada huo hauna budi kuambatana na kanuni ya kulilinda neno, la sivyo tunampa mtoto herufi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya neno kwa mkono mwingine.

5.0 Silabi Kama Kanuni ya Mkato

Ikiwa neno halina budi kukatwa, likatwe wapi? Kiswahili chenyewe kina jibu. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na viambishi vyake vingi vya awali ni silabi kamili. Neno *walipowasikiliza* hugawanyika wa-li-po-wa-si-ki-li-za kisilabi, na wa-li-po-wa-sikiliz-a kimofimu. Mpaka wa silabi na mpaka wa kiambishi vinakutana kuanzia mwanzo wa neno hadi linapoanza shina. Kwa hiyo mkato bora uko palepale kabla ya shina: *walipowa-* juu, *sikiliza* chini, pamoja na kistari. Mtoto atakayekutana na *sikiliza* atakutana na neno analolijua.

Kanuni hii ina mipaka yake. Nazali inayosimama kama silabi, kama m katika *hawakumsikiliza*, isianzishe mstari. Ibaki juu na kiambishi kilichoitangulia. Maneno ya mkopo yenye silabi funge, kama *daf-ta-ri* na *lab-da*, yafuate matamshi. Aidha, kwa darasa la kwanza na la pili neno lisikatwe kabisa. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, ulimjenga mtoto kutoka sauti na silabi hadi neno. Kumkatia neno kabla hajalimiliki ni kuibomoa kazi ya mwalimu.

Kiufundi, hakuna kinachozuia kanuni hii. Kistari laini, ambacho hubaki kimefichika mpaka kihitajike, kinaweza kuwekwa kabla ya shina katika maneno marefu, na kikafanya kazi hata pale ambapo kivinjari hakina kamusi ya mikato ya Kiswahili. La muhimu zaidi ni kuutambulisha ukurasa kwa alama ya lugha *sw*. Hadithi za Kiswahili zinazowekwa katika kiolezo kilichoandaliwa kwa Kiingereza hurithi alama *en*. Ukurasa kama huo ukiruhusu ukataji wa maneno wa kujiendesha, kivinjari huyakata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na programu inayomsomea kwa sauti mtoto asiyeona huyatamka kwa sauti ya Kiingereza. Herufi mbili katika msimbo zinaamua kama mtoto atasikia lugha yake.

6.0 Gharama ya Kusubiri

Kipengele cha mwisho ni uzito. Andika imekusudiwa kuzihudumia lugha nyingi, hivyo faili lake kamili lina maelfu ya alama. Alfabeti ya Kiswahili haitumii q wala x, na c hutokea ndani ya ch pekee. Mtoto anayesoma kwa bando la mzazi hapaswi kulipia alama ambazo hadithi yake haizihitaji. Leseni ya Andika inaruhusu faili kupunguzwa, kwa masharti yake, na mwandaaji makini atafanya hivyo, huku akiziacha q na x kwa ajili ya majina ya kigeni.

Wakati fonti inapakuliwa, vivinjari vikuu huweza kuificha matini kwa takriban sekunde 3. Mwandaaji anaweza kuagiza matini ioneshwe kwanza kwa fonti iliyomo ndani ya simu. Hiyo ni bora kuliko ukurasa mtupu, ila fonti ya pili inapoingia, mistari hujipanga upya na mtoto hupoteza mahali alipokuwa ameweka kidole. Dawa ni faili dogo linalofika mapema, pamoja na fonti ya akiba yenye upana unaokaribiana na Andika.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba Andika ni kazi njema ambayo imeishia njiani. Inamtofautishia mtoto I na l, jambo lenye uzito wa pekee katika lugha ambayo masimulizi yake huanza kwa *Ilikuwa* na *Ilipofika*. Inailinda ritifaa. Lakini fonti huishia kwenye herufi, na msomaji mdogo wa Kiswahili hukwama kwenye neno. Bilauri ya Warde inaweza kuwa safi kabisa na bado kinywaji kikamwagika kwa sababu meza imeinama.

Kwa mintarafu hiyo, makala inapendekeza kwamba hadithi za Kiswahili za watoto mtandaoni ziache ukingo wa kulia bila kunyooshwa. Neno lisikatwe kamwe katika madarasa mawili ya mwanzo, na baadaye likatwe kwa kistari kabla ya shina. Ukurasa utambulishwe kwa lugha yake. Na faili la fonti lipunguzwe kwa kadiri ya alfabeti yetu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fonti mpya. Yote yanahitaji mtu anayeijua sarufi ya Kiswahili aketi pamoja na anayejua msimbo kabla ukurasa haujachapishwa.

Kwa wahakiki wa fasihi ya watoto, funzo ni kwamba mkato wa mstari ni sehemu ya matini. Katika ushairi tumelikubali jambo hili tangu zamani. Hakuna anayehakiki utenzi bila kuzingatia vipande na mizani yake. Hadithi inayosomwa na mtoto wa darasa la pili kwenye simu inastahili uangalifu huohuo, ili anapomwita mjomba wake, awe anauliza habari za wazee na vijana wa hadithini, na si maana ya neno ambalo halipo.